Skopu ya kuangalia mbali kwa mkaazi wa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikisimamisha skopu yangu pale Mama Ngina au kwenye matope ya Mida, haipiti robo saa kabla sijawa na watu watatu wanne nyuma yangu. Wanachungulia, wanavuta pumzi, kisha wanauliza. Maswali ni yale yale, na hapa nimeyaweka pamoja na yale ninayopigiwa simu na watu walio tayari kutoa pesa. Bei zote ni za kukadiria, kwa shilingi za Kenya, kabla ya usafiri na ushuru.

## Mambo ya msingi

Skopu ni nini, na inatofautianaje na binokulari?

Skopu ni darubini ya jicho moja inayokaa juu ya miguu mitatu. Binokulari ya kawaida hukuza mara 8 au 10 na unaishika mkononi. Skopu huanzia mara 15 au 20 na nyingi hufika 60, na kwa ukuzaji huo hakuna mkono unaotulia. Mapigo ya moyo peke yake yanatosha kuitikisa picha.

Si sawa na darubini ya nyota pia. Ile hugeuza picha juu chini au kushoto kulia, ni nzito, na haipendi vumbi wala maji. Skopu inakuonyesha kitu kama kilivyo na unaibeba begani siku nzima.

Kama bado huna binokulari, anza na binokulari. Najua si jibu ulilolitaka, lakini binokulari ndiyo inayokutafutia kitu, na skopu ndiyo inayokuambia kitu hicho ni nini. Mwenye skopu peke yake anahangaika kupekua upeo wa macho kupitia tundu dogo huku ndege ameshapaa.

Namba kama 20-60x80 zinamaanisha nini?

Namba mbili za kwanza ni ukuzaji: mara 20 hadi mara 60, unaubadilisha kwa kuzungusha pete karibu na jicho. Ndege aliye mita 200 mbele yako, kwa mara 20, unamwona kama aliye mita 10. Namba ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Sasa fanya hesabu ndogo ambayo wauzaji hawakufanyii. Gawanya namba ya mwisho kwa ukuzaji. 80 gawanya kwa 20 ni 4, na 80 gawanya kwa 60 ni 1.3. Jibu hilo ni upana, kwa milimita, wa mwale wa mwanga unaotoka kwenye skopu kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho juani huwa na milimita 2 au 3, na jua likizama hupanuka zaidi. Kwa hiyo ukiwa kwenye 4 picha inang'aa hata magharibi inapokaribia. Ukiwa kwenye 1.3 picha ni ya giza hata mchana, na ukisogeza kichwa kidogo tu inapotea.

Hesabu hii ndiyo ninayoitegemea kuliko maelezo yoyote ya tangazo, na nitairudia huko mbele.

Basi nahitaji ukuzaji wa kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyodhani. Kazi yangu nyingi, naweza kusema tisa katika kumi, naifanya kati ya mara 20 na 35. Hapa Pwani kuna adui ambaye vitabu vya nchi za baridi havimtaji sana, nayo ni joto. Kuanzia saa tatu asubuhi hivi hewa iliyo juu ya matope, mchanga na lami huanza kuchemka. Ukiongeza ukuzaji unakuza na yale mazigazi pia, na kitwitwi, yule ndege wa matopeni mwenye miguu mirefu, anageuka kitambaa kinachopepea. Hakuna skopu ya bei yoyote inayoshinda hilo. Dawa ni kwenda mapema, au kungoja alasiri, au kusogea karibu.

Tena, ukiongeza ukuzaji uwanja wa kuona unabanwa. Skopu ya kawaida kwa mara 20 inakuonyesha upana wa mita 35 hivi kwa umbali wa kilomita moja. Kwa mara 60 unabakiwa na karibu nusu yake. Kutafuta kitu ndani ya nusu hiyo ni kazi.

Kwa nini zile za "300x40" zinauzwa bei ya chini hivyo?

Kwa sababu si mara 300. Rudi kwenye hesabu: 40 gawanya kwa 300 ni 0.13. Mwale mwembamba kiasi hicho haumwonyeshi mtu chochote. Vitu hivyo nikivishika huwa vinakuza kama mara 8 au 10, lenzi zake ni hafifu, na kile kimguu chake kinayumba ukikigusa. Vijana wengi wa hapa wameliwa pesa zao kwa matangazo ya simuni yanayoonyesha mwezi umejaa kioo kizima. Kama tangazo linajisifia ukuzaji na halisemi lolote kuhusu kioo, lipite.

## Matumizi hapa kwetu

Naweza kuitumia kuwindia?

Kenya, hapana. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu nzito. Nasema wazi kwa sababu maelezo mengi ya skopu mtandaoni yameandikwa na wawindaji wa Marekani, na msomaji wa hapa anaweza kudhani ni jambo la kawaida.

Tanzania hali ni nyingine. Huko uwindaji wa kitalii upo kwa vibali na katika vitalu vilivyotengwa. Wanaofanya kazi hiyo hutumia skopu kukadiria umri wa mnyama kabla ya uamuzi wowote, mathalani simba dume, ambaye kanuni zinataka awe ametimiza miaka sita. Wanatazama manyoya ya shingo, rangi ya pua, makovu ya uso. Ni kazi ya kusubiri na kuchunguza, na mahitaji yake ya kioo ni yale yale ya mtazamaji wa ndege, kwa hiyo ushauri wa ukurasa huu unamfaa hata yeye.

Na usichanganye skopu hii na ile inayofungwa juu ya bunduki. Ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kunaleta usumbufu bandarini (tazama swali la kuagiza nje).

Kwa ndege wa pwani, niende wapi na lini?

Hapa ndipo skopu inapolipa deni lake. Mida, katikati ya Watamu na Gede, ni hori lenye mikoko na matope mapana. Kuanzia Agosti hadi Aprili hujaa vitwitwi waliotoka kaskazini mwa Ulaya na Siberia. Yuko pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, anayewinda kaa, ambaye huzaliana kwenye mashimo ya mchanga katika fukwe za Bara Arabu na Somalia. Watu hutoka Ulaya kuja kumwona huyo, na sisi tuko naye umbali wa mwendo wa asubuhi kwa matatu. Ukitaka mahali pengine pana mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Karibu zaidi na mji, jaribu kingo za hori la Tudor na la Mtwapa maji yakiwa yamepwa.

Siri yenyewe ni maji. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yakipwa kabisa ndege wanatawanyika mbali, kilomita nzima kutoka ulipo. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, ukae kimya. Maji yanawasukuma kuja kwako. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, skopu kwenye mara 25, na nikamwona kitwitwi mdogo akivuta mnyoo kutoka kwenye tope. Mnyoo ulinyooka kama uzi wa mpira, ukakatika, na ndege akaanguka nyuma akakalia mkia. Alikuwa mita 60 hivi. Kwa macho matupu nisingemtofautisha na kokoto.

Siku za maji mafu tofauti ya maji ni ndogo na ndege hawasukumwi sana, kwa hiyo angalia jedwali la maji kabla ya kupanda gari.

Inafaa kuandamia mwezi?

Inafaa sana, kwa masharti mawili.

La kwanza ni usalama. Hilali huwa karibu na jua. Usielekeze skopu magharibi kabla jua halijazama kabisa, hata ukingo wake. Jua kupitia skopu huunguza jicho papo hapo na halirudi. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, kulingana na mwezi wa mwaka. Angalia saa yako, na mtoto asiachwe peke yake na skopu.

La pili ni mahali. Wengi hukimbilia ufukweni wakidhani bahari ndiyo yenye upeo mzuri. Bahari yetu iko mashariki, na hilali huonekana magharibi, upande wa Changamwe na vilima vya Mazeras. Kwa hiyo unachohitaji ni paa la juu lenye uwazi upande huo. Weka ukuzaji wa chini kabisa, mara 20 au pungufu, kwa sababu unatafuta ukucha mwembamba kwenye anga pana. Lengesha kwanza kitu cha mbali sana, kama mnara wa simu mlimani, kisha usiguse tena gurudumu la kulengesha. Wengi huukosa mwezi kwa sababu skopu ilikuwa imelengeshwa kwenye paa la jirani, na ukucha uliofifia hautaonekana kabisa usipokuwa umelengeshwa sawasawa.

Jioni moja ya tarehe 29 Shaabani tulikuwa juu ya ghorofa hapa Majengo, wazee kwa vijana. Aliyeupata kwanza alikuwa msichana wa miaka tisa aliyesimamishwa juu ya kreti ya soda. "Babu, umelala kama dau!" Na kweli, huku kwetu karibu na ikweta hilali hulala, pembe zote mbili juu. Babu yake alichungulia, akanyamaza, kisha akainua kichwa na kuutafuta pale pale kwa macho yake mpaka akauona. Hapo ndipo aliposema Allahu Akbar.

Na mwezi ulioonekana kwa skopu unahesabika?

Hilo si langu kulijibu. Ni la masheikh na la Kadhi Mkuu, na maulamaa wana kauli zao. Ninachoweza kusema ni kama alivyofanya yule babu: skopu inakuonyesha mahali halisi pa kutazama, kisha unajaribu kwa macho.

Kutazama meli je?

Mama Ngina ni mahali pazuri kuliko pote ninapopajua. Mlango wa Kilindini ni mwembamba na meli hupita karibu mno, kiasi kwamba mara 20 inakuonyesha kipande tu cha meli. Raha yake ni kusoma maandishi ya nyuma: jina la meli na bandari iliposajiliwa. Utaona Monrovia, Majuro, Panama, na kama una watoto nyumbani hilo ni somo zima la jiografia. Zile zilizotia nanga nje zikingoja zamu zinataka mara 30 au 40, asubuhi.

Usielekeze skopu kwenye kambi ya jeshi la wanamaji Mtongwe wala ndani ya bandari. Askari akikuuliza, mjibu kwa adabu, mkaribishe achungulie, na kama akikwambia uondoe, ondoa.

Nyangumi?

Nyangumi nundu hupita kwetu kati ya Julai na Septemba hivi. Kutoka nchi kavu, juu ya mwamba au ghorofa, skopu inafaa kutambua pumzi zao. Ndani ya mashua haifai kabisa, maana mashua inacheza na picha inakutapisha. Chukua binokulari ya 7x50.

Tsavo na Shimba Hills?

Shimba Hills wapo palahala, ambao huwapati kwingine Kenya, na mabonde yake yanatazamwa vizuri kutoka juu. Tsavo huruhusiwi kushuka garini ovyo, kwa hiyo tafuta kibano cha kufunga skopu kwenye kioo cha dirisha, kisha uzime injini. Injini ikinguruma utaona kundi la ndovu wanaotetemeka. Msituni, kama Arabuko-Sokoke, iache nyumbani.

## Kuchagua

Lenzi ya mbele ya 50, 65 au 80?

Swali la kujiuliza ni hili: utaibeba vipi? Ya 80 au 85 ina mwanga mwingi zaidi, lakini pamoja na miguu yake unabeba kilo nne na zaidi. Ukiwa na gari, au unatazama kutoka barazani kwako, chukua hiyo. Ukipanda matatu hadi Gede kisha ukamalizia kwa bodaboda na miguu, ya 65 au hata 50 utaibeba kila wiki. Ile kubwa itabaki juu ya kabati.

Binafsi nina ya 65. Kwa mara 30 inanipa 2.2 kwenye ile hesabu, na hiyo inatosha kwa jua letu.

Shingo, yaani ile sehemu ya kuchungulia, iwe iliyopinda au iliyonyooka?

Iliyopinda, kwa watu wengi. Mrefu na mfupi wanachungulia bila kurekebisha miguu kila mara, shingo haiumii unapotazama juu, na tripodi, yaani ile miguu mitatu, inaweza kusimama chini zaidi, kwa hiyo upepo hauisumbui sana. Iliyonyooka ni rahisi kulenga na ni nzuri kutoka dirishani mwa gari au ukiwa umelala chini, ndiyo maana wawindaji wengi huipenda. Wanaoanza na iliyopinda huhangaika kwa siku mbili tatu kulenga, kisha mkono unazoea.

Kioo cha ED kina umuhimu gani?

Tazama ncha ya kuti la mnazi dhidi ya anga jeupe. Kwenye kioo cha kawaida utaona utepe wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Ni rangi za mwanga ambazo lenzi imeshindwa kuzikusanya mahali pamoja. Kioo cha ED hupunguza utepe huo, na picha inakuwa na makali, hasa kuanzia mara 40. Ukiwa na uwezo, lipia ED kabla ya kulipia lenzi kubwa zaidi: ya 65 yenye ED naipenda kuliko ya 80 isiyo nayo.

Angalia pia kama lenzi zote, nyuso zote, zimepakwa tabaka nyingi za kupunguza mng'ao. Maelezo yakisema tu kwamba lenzi "imepakwa", huenda ni tabaka moja upande mmoja.

Navaa miwani. Nitaona?

Utaona, ukichagua skopu inayokuruhusu kukaa umbali wa milimita 15 au zaidi kutoka lenzi ya jicho. Namba hiyo imeandikwa kwenye maelezo. Kumbuka kwamba kwenye skopu nyingi umbali huo hupungua ukiongeza ukuzaji. Kikombe cha mpira kinachozunguka jicho kishushwe chini.

Ni lazima isiingie maji?

Kwa Mombasa, ndiyo. Si kwa ajili ya mvua tu. Unataka mwili uliofungwa kabisa na kujazwa naitrojeni ili unyevu usiingie ndani (tazama swali la kuvu).

Nitenge pesa ngapi, na ninunue ipi?

Chini ya shilingi 12,000 utapata vitu kama Svbony SV28. Kwa mara 25, jua likiwa zuri, inaonyesha kitu cha maana, na mwanafunzi asiye na uwezo mwingine nitamwambia achukue. Lakini kile kimguu chake cha mezani hakitoshi, na ukuzaji wa juu haufai.

Kati ya 20,000 na 35,000 ipo Celestron Ultima 80. Imefungwa dhidi ya maji, ni imara, na hadi mara 40 picha yake haikuaibishi. Kwa familia, kwa klabu ya shule, kwa msikiti unaotaka kuandamia mwezi, hapa ndipo shilingi inapofanya kazi kubwa kuliko popote.

Kati ya 45,000 na 75,000 mambo yanabadilika. Vortex Diamondback HD ya 20-60x85 ina picha ambayo mtu akiichungulia baada ya ile ya kwanza husema "Ah!" kwa sauti. Kwa anayetembea ipo Kowa TSN-501 ya 20-40x50, nyepesi hata unaisahau mkobani. Haina ED, lakini ni kali kuliko nilivyotarajia.

Zaidi ya hapo kuna Swarovski, Zeiss, Leica na Kowa za daraja la juu. Nyingine zinapita nusu milioni. Ni nzuri, sitadanganya. Niliwahi kuchungulia ya mgeni mmoja Sabaki jua likiwa limeshazama, na nikahesabu manyoya ya mbawa. Lakini asilimia kubwa ya uzuri huo umeshaupata kwenye ya 60,000, na zilizobaki zinalipiwa ghali mno.

Tripodi nayo ni gharama nyingine?

Ndiyo, na tafadhali usiifanyie ubahili. Tenga 12,000 hadi 20,000 kwa ajili yake tangu mwanzo. Skopu ya 60,000 juu ya tripodi ya 2,500 ni mbaya kuliko skopu ya 25,000 juu ya tripodi imara, nami nimeyafanya yote mawili. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, hiyo ya plastiki inaimba.

Tafuta yenye kilo mbili hivi, yenye kichwa cha video kinachoteleza polepole bila kuruka. Usipandishe ule mhimili wa katikati, fungua miguu badala yake. Ning'iniza mkoba wenye mawe chini yake. Kwenye matope weka vifuniko vitatu vya ndoo za rangi chini ya miguu. Hili alinifundisha mvuvi mmoja wa Mida aliyechoka kuniona nikizama.

## Kununua

Nijaribuje dukani?

Usijaribu ndani ya duka. Mwombe muuzaji utoke nayo mlangoni, ulenge kitu cha mbali chenye maandishi madogo au ukingo mkali: bango, antena, ukingo wa mnara. Anza na mara 20. Zungusha gurudumu la kulengesha: picha inapaswa kufika mahali pake mara moja na kuganda hapo. Ukijikuta unakwenda mbele na nyuma bila kujua wapi ni bora, kioo ni hafifu. Kisha panda hadi 40. Ikibaki na makali, umepata. 60 usiitilie maanani sana.

Fanya haya asubuhi. Mchana kwenye lami ya Moi Avenue hata skopu bora itaonekana mbovu, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la ukuzaji.

Ya mtumba ni salama?

Inaweza kuwa bahati kubwa. Mulika tochi kupitia lenzi ya mbele ukitazama kwa pembeni. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu: iache. Mikwaruzo midogo ya lenzi ya mbele haina madhara makubwa, ila ya lenzi ya jicho ina madhara. Itikise taratibu karibu na sikio, na kama kuna kinachogonga ndani, asante, kwaheri.

Nikiagiza kutoka nje?

Ongeza VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za forodha na usafiri, ndipo ulinganishe na bei ya hapa. Mara nyingi tofauti huwa ndogo kuliko ulivyofikiri.

Mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi za mzigo maneno kamili: darubini ya kuangalia ndege, pamoja na jina la modeli. Mzigo wangu wa pili ulikaa wiki tatu kwa sababu karatasi ilisema skopu tu, na ofisa aliyeupokea alidhani ni ya bunduki. Nilikwenda mara nne, nikiwa na picha za ndege kwenye simu, kabla haujaachiwa. Alikuwa anafanya kazi yake. Neno moja zaidi kwenye karatasi lingetuokolea sote muda.

Waranti: Vortex hutoa ya maisha, na sifa yake ni ya kweli, lakini uliza ni nani atakayelipia kuirudisha Marekani. Waranti ya miaka miwili ya duka unaloweza kuliendea kwa miguu ina uzito wake.

## Utunzaji

Ukungu umeingia ndani ya lenzi. Nifanye nini?

Kama ni mvuke unaoondoka baada ya saa moja, unyevu umepata njia ya kuingia, na mpira wa kuzuia maji umechoka. Kama ni nyuzi zisizoondoka, ni kuvu, na kuvu hula lile tabaka lililopakwa kwenye kioo. Fundi akisafisha, alama hubaki.

Skopu yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Niliitunza kwa upendo, ndani ya mfuko wake wa ngozi, ndani ya kabati, msimu mzima wa masika. Nilipoitoa ilikuwa na maua ndani. Ngozi na giza na unyevu wa Pwani ndivyo kuvu inavyovitaka. Sasa naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, ambavyo navibadilisha kila baada ya miezi miwili. Na kila wiki inatoka nje kupata hewa na mwanga, hata kama siendi popote.

Chumvi na mchanga?

Puliza kwanza, kwa kipulizio cha mpira. Usifute kwa leso, ncha ya kikoi wala fulana, kwa maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Kama mwili haupitishi maji, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uache ukauke, kisha lenzi zifutwe kwa kitambaa chake. Miguu ya tripodi nayo isuuzwe kila utokapo ufukweni, la sivyo skrubu zitashikana ndani ya mwaka.

Ikitoka kwenye chumba chenye AC inapata umande. Ni kasoro?

Si kasoro. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa huko nje, ipate joto polepole.

## Maswali ya pembeni

Naweza kupiga picha kwa simu?

Ndiyo, na kibano cha kushikilia simu hakizidi shilingi elfu mbili tatu. Tumia mara 20 hadi 30 na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Kama unataka kusoma pete za miguuni walizovishwa ndege na watafiti, piga video fupi badala ya picha: kati ya fremu mia, moja itakuwa imepata namba wakati hewa imetulia.

Naweza kuona sayari?

Miezi minne mikubwa ya Mshtarii utaiona hata kwa mara 20, imepangika kama shanga. Pete za Zohali zinataka mara 40 au zaidi na tripodi isiyotikisika. Zima taa ya barazani.

Mama yangu ana mtoto wa jicho na hawezi kufumba jicho moja. Je, atafaidi?

Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, skopu ya shingo iliyopinda ishuke hadi usawa wake, ukuzaji mara 20. Asifumbe jicho la pili. Alifunike kwa kiganja, au mkatie kipande cha kadibodi chenye tundu ukivishe kwenye shingo ya skopu. Chagua kitu kikubwa na chenye mwanga: mwezi wa siku saba, au heroe wanaolisha asubuhi. Usimharakishe. Mama yangu alikaa dakika sita kimya kabla hajaniambia kwamba ndege wale wana miguu mirefu kuliko alivyowajua maisha yake yote.